Sanduku la Rangi Dirishani Kwetu

Mtu akiingia chumbani kwetu mara ya kwanza, hulitazama sanduku lililo chini ya dirisha, kisha hunitazama mimi. Mmoja aliniuliza kama nafuga vifaranga. Fundi aliyekuja kutengeneza soketi alidhani nimejiundia oveni ya kuokea mikate, akataka kujua inapandisha moto kiasi gani. Nikamwambia humo moto hauingii, na siku ukiingia nyumba nzima italala barabarani. Lile ni sanduku la kupulizia rangi. Mume wangu huketi mbele yake akapaka rangi treni.

Treni zenyewe ni ndogo. Kichwa cha treni hakizidi mkate wa boflo, na mabehewa yanafuata kwa kipimo hicho hicho, kila moja na milango yake, ngazi zake na madirisha ambayo mimi bila miwani siyaoni. Anazitengeneza kwa vipande vya plastiki, makaratasi magumu, waya na vifuniko vya dawa ya meno. Hauzi. Nimeulizwa sana hilo, kwa hiyo nalisema mapema: hauzi, wala hajawahi kufikiria kuuza.

Alifanya kazi reli tangu ana nywele nyeusi. Kazi yake ilikuwa kuunga mabehewa, kusimama katikati ya chuma na chuma na kuyafunga kabla treni haijaondoka. Alipostaafu akawa kila asubuhi anavaa vizuri, anaenda kusimama karibu na stesheni kutazama, mpaka mlinzi akamwuliza, "Mzee, kuna mtu unamsubiri?" Akarudi nyumbani na hakwenda tena. Baada ya hapo alikaa tu. Sisi tunaishi Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili, katika zile chache ambazo bado hazijabomolewa kupisha ghorofa: korido katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako wapangaji wote tunapika, tunafua na tunaanika. Mtu asiye na kazi kwenye nyumba kama hiyo anakuwa njiani kwa kila mtu. Ukitaka kupita na sufuria, yupo. Ukitaka kufagia, inua miguu.

Siku moja alichukua boksi la mafuta yangu ya kupikia, akalikata kwa wembe, na kufikia jioni likawa behewa. Nilidhani akili imeanza kumtoka. Nilimwambia, maana mimi si mtu wa kuficha: "Mzee, haya mambo ya kitoto." Aliendelea kukata. Baada ya muda nikaona anakula vizuri, anaoga mapema, anaamka ana jambo la kufanya. Nikanyamaza. Kwangu kunyamaza ni ruhusa.

Shida ilianza na rangi. Kwa brashi rangi haikumridhisha, ilikuwa inaacha mistari, na yeye alitaka ile rangi ya mabehewa ya zamani, damu ya mzee, ikae laini kama ilivyokuwa kwenye chuma. Mjukuu wetu, binti wa binti yetu, anauza taa na nyaya kwenye duka la vifaa vya umeme hapa hapa sokoni. Yeye ndiye aliyemletea kifaa cha kupulizia rangi, chembamba kama kalamu, na kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu kule Buguruni. Mashine hiyo ilikuwa inanguruma pembeni ya kitanda changu kama paka mwenye hasira. Na mzee, ili vumbi lisidondokee treni yake, akawa anafunga mlango na dirisha ndipo anapuliza.

Mimi huamka alfajiri kupika vitumbua vya kuuzia watu wa madukani. Nikaanza kuona wateja wanavinusa, maana vilishika harufu ya rangi. Hilo ningelivumilia. Lakini mzee akaanza kukohoa. Mwanzoni kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi, baadaye akawa anakaa kitandani ameshika magoti akitafuta pumzi. Tukaenda hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye adabu, akampima kifua huku na huku.

"Babu, unavuta sigara?"

"Sijavuta maisha yangu."

Nikasema mimi, maana niliona hatasema: "Anapuliza rangi. Chumbani. Amefunga dirisha."

Daktari akamtazama. "Babu, kweli unafunga dirisha?"

"Vumbi, mjukuu wangu. Likiingia kwenye rangi mbichi halitoki."

"Sasa ile rangi inakuingia wewe, nayo haitoki," akasema. Akampa dawa, akamwambia wazi kwamba kifua chake hakitastahimili. Aache, au atafute pa kupulizia ambapo hewa chafu inatolewa nje moja kwa moja. Chumbani vile, hapana.

Tulijaribu uani. Siku ya kwanza tu, kichwa cha treni kikiwa kibichi, upepo ukaleta manyoya ya kuku wa jirani yakaganda juu yake. Mwenye nyumba alitoka kutazama. Huyu anakaa chumba cha mbele, mzee wa umri wetu, Mzaramo, na mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za mababu zao. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kitu chako akaenda nacho, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unacheka, kisha unatafuta namna ya kulipiza. Mimi mtu wa Lindi, nimekaa pembeni na utani wao, na kwa miaka yote nimekuwa nikisikia wanatukanana koridoni kama watoto.

"Mnyamwezi," akasema, "treni yako imeota manyoya. Itaanza kutaga lini?"

Mume wangu alipaswa kujibu. Jibu lake lilikuwa tayari siku zote. Siku hiyo aliyang'oa manyoya kimya kimya, yakaacha alama, akaingia ndani. Alizifunga treni zote kwenye kanga yangu kuukuu akazisukuma chini ya kitanda.

"Basi, mama," akaniambia. "Mambo ya kitoto yale. Yaishe."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Kuyasikia yanatoka kinywani mwake sikuyapenda hata kidogo. Na kweli yaliisha. Akarudi kulala mchana. Chakula anakigusa tu. Kikohozi kikapungua, lakini mtu mwenyewe naye akawa anapungua. Nikawa nasimama uani nakuna nazi, nasikiliza chumba changu, hakuna sauti. Mimi niliyeichukia ile mashine ya friji, nikawa naisikilizia kama mtu anayesubiri mgeni. Nikajua nikimwacha hivi hivi nitamzika mapema, na kifua hakitakuwa ndiyo sababu.

Nikamwambia mjukuu. Akatoa simu yake akanionyesha watu wa nchi za mbali wanaotengeneza vitu vidogo kama vya babu yake. Walikuwa na sanduku, mbele wazi, nyuma feni, na bomba linatoka kwenda nje. Mtu anapuliza ndani ya sanduku, na ule ukungu wa rangi unavutwa unaondoka, haumfikii usoni. Lugha waliyosema sikuielewa, lakini sikuhitaji.

"Hili ni jiko," nikasema. "Jiko lenye dohani."

"Ndiyo bibi, ila jiko la baridi."

"Basi tutalijenga. Babu yako asijue mpaka liishe."

Tulianza na sanduku. Nilikwenda mwenyewe kwa vijana wanaotandaza vyombo vya plastiki barabarani, nikachagua lile kontena kubwa linaloonyesha ndani, la kuwekea nguo. Mzee angelilaza ubavu, uwazi umwelekee yeye, mwanga upite juu. Lakini nilitaka nijue kama mikono miwili na kichwa cha treni vinaenea. Kwa hiyo nililiinua, nikaingiza kichwa na mikono yote miwili humo ndani, nikazungusha.

Kijana muuzaji akaita wenzake. "Oyaa, njooni muone! Bibi anajipima jeneza!"

Nikatoa kichwa. "Napima lako. Ulivyo mfupi linakutosha."

Wakacheka mpaka wateja wa upande wa pili wakageuka. Kijana akanifungia kamba vizuri, akaniita mamaa, akanibebea mpaka kona. Mungu amzidishie. Watu wanasema Kariakoo haina utu. Mimi nimeishi hapa, na utu nimeuona, ila unakuja na kelele.

Tundu la nyuma tulilikata uani kwa kisu tulichokichoma kwenye mkaa. Feni ndogo ya mraba mjukuu aliichukua dukani kwao. Nikaifunga mimi kwa skrubu, nikakaza, nikajisifu. Tukabandika utepe wa taa juu kwa ndani. Kwa treni kugeuzwa bila kuguswa, nikatoa sinia langu la kahawa tukaliweka juu ya gurudumu la chini ya kiti kibovu cha ofisini. Likawa linazunguka kwa kidole kimoja. Halafu tukamwita mzee.

Alisimama akalitazama kwa muda. Akainama akavuta ile kanga chini ya kitanda, akafungua, akachukua kichwa cha treni kilichoharibiwa na manyoya, ambacho alikuwa ameshakipiga msasa bila mimi kumwona. Hapo nikajua kwamba kuacha hakuacha. Akakiweka kwenye sinia. Mjukuu akawasha feni. Mzee akapuliza.

Rangi yote ikamrudia usoni.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la mtu yeyote wa mji huu. Mimi feni nimeijua kwa kazi moja: kumpepea mtu. Kwa joto la Dar, nani amewahi kununua feni akaifunga impe mgongo? Nimeifunga kwa upendo, imwelekee mzee, apate upepo akifanya kazi. Sasa kidevu chake chote na zile ndevu nyeupe zikawa damu ya mzee. Mjukuu alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Mzee akaenda kwenye kioo cha kabati, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto.

"Mmenipaka hina," akasema. "Mnaniozesha kwa nani?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na bado akawa anacheka. Sijui kama anajua nilivyoshukuru kwa kosa lile. Nilimfuta ndevu kwa mafuta ya nazi, nikimgombeza asitikisike.

Mjukuu alipomweleza bosi wake dukani, akaambiwa kwamba hata feni yenyewe haifai: mota yake inakaa katikati ya ukungu wa rangi na thina, cheche moja tu inaweza kuwasha moto. Akairudisha, akaja na nyingine, ya mviringo kama konokono, mota yake imekaa nje ya njia ya hewa. Inavuta kwa ubavu, inatoa kwa mdomo. Hii niliifunga huku nimeshika karatasi mkononi, na kabla ya mtu yeyote kupuliza rangi, niliiweka ile karatasi mbele ya sanduku nikaiona inavutwa ndani. Sikosei mara mbili kitu kimoja. Jiko langu la mkaa nikalihamishia mwisho kabisa wa uani, mbali na dirisha.

Bomba nilichongewa na fundi bati wa Gerezani, bati jepesi, lenye kona moja. Tulitoa kioo kimoja cha dirisha, tukaweka ubao wenye tundu, bomba likapita. Mzee akapuliza. Mimi nikasimama mlangoni nikivuta pumzi kwa nguvu, natafuta harufu. Hakuna. Alipaka kichwa cha treni chote, kikang'aa bila doa, wala hakukohoa. Siku hiyo alikula akaongeza.

Nilichosahau ni kwamba hewa chafu ikitoka ndani lazima ifike mahali. Mdomo wa bomba ulitokea uani, kimo cha kifua cha mtu. Na kimo cha kifua cha mtu ndipo inapopita kamba ya nguo.

Ilikuwa Ijumaa. Mwenye nyumba alikuwa ameanika kanzu yake nyeupe ya kuendea msikitini. Mzee, kwa furaha ya sanduku jipya, alianza kazi asubuhi, behewa baada ya behewa. Karibu na adhana tukasikia ndala za mwenye nyumba koridoni, halafu sauti.

"Mnyamwezi! Toka nje!"

Tukatoka. Alikuwa ameinua kanzu kwa mikono miwili kama bendera. Kuanzia kifuani mpaka tumboni ilikuwa na vidoa vidogo vidogo vya damu ya mzee, vimetawanyika.

Mume wangu akaitazama. "Umechinja, Mzaramo? Mbona hukutugawia nyama?"

"Nitakuchinja wewe! Niende msikitini hivi, imamu aulize maiti iko wapi?"

"Mwambie ni ya mpenzi wa zamani. Wazaramo mnasifika kwa mapenzi."

"Kaa kimya, mpagazi wa misafara!"

Akampita, akaingia chumbani kwetu, akakinyakua kile kichwa cha treni kilichokauka juu ya kabati, akatoka nacho amekikumbatia. "Nimemkamata mateka. Hutamwona mpaka ukomboe."

Wapangaji wote walikuwa wametoka kutazama, wanacheka. Mume wangu naye anacheka, maana ndiyo sheria. Kisha akaingia ndani akatoa kanzu yake mwenyewe akampa. Mume wangu mrefu, mwenye nyumba mfupi. Ijumaa ile alikwenda msikitini ameishika kanzu mbele kwa vidole viwili, kama mwanamke anayevuka dimbwi.

Lakini aliporudi alinifuata jikoni, na safari hii hakuwa na utani.

"Bi mkubwa," akasema taratibu, "mimi na mumeo tutatukanana mpaka tufe, hilo liache. Lakini nyumba ina watu. Kuna nepi za watoto kwenye kamba ile. Rangi ikiendelea kutoka, sanduku litatoka. Nisamehe, sina jinsi."

"Una haki, baba mwenye nyumba," nikamjibu. Na kweli alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma.

Mzee aliposikia alikaa kitandani akaanza kukunja waya wa kompresa. Alikuwa anaukunja taratibu, kwa uangalifu, kama anayekunja kitu cha kuweka moja kwa moja. "Tumejaribu, mama," akasema. "Umenihangaikia vya kutosha."

"Acha huo waya," nikamwambia. "Nani amekwambia ukunje?"

Nilisema tu.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, nikiwa nakamua nazi. Mimi nimeanza kukamua nazi nikiwa mdogo nyumbani kwetu Lindi, kwa kifumbu cha ukili kile cha kusuka, na sasa natumia chujio la dukani. Maisha yangu yote sijawahi kuweka nazi kwenye sufuria bila kuichuja. Tui linapita, machicha yanabaki. Nikatazama chujio mkononi, nikatazama lile bomba dirishani. Rangi nimeiacha ipite na machicha yake!

Nikaacha vitumbua, nikaenda kumwamsha mzee. Tulikata sponji la godoro la zamani, tukalizungushia vipande vya chandarua kilichotoboka, tukatengeneza fremu ya mbao inayoingia na kutoka kama droo, ikakaa mbele ya feni. Hewa inapita, rangi inabaki. Fundi bati naye akarudi na kipande cha kurefusha bomba lipande ukutani mpaka juu ya paa, chenye kofia ya bati mvua isiingie. Lakini mimi nilitaka nijue chujio lenyewe linafanya kazi, kwa hiyo nikamwambia asiunge kwanza kipande cha juu. Nataka mdomo ubaki palepale, mbele ya kamba.

Nikafungua sanduku langu la mbao. Chini kabisa, na udi, nina bafta yangu nyeupe. Ni sanda yangu. Niliinunua zamani ili siku yangu ikifika watoto wasihangaike. Nikaitoa, nikaikung'uta, nikaianika kwenye kamba, mbele ya mdomo wa bomba kabisa.

Mwenye nyumba alikuwa anapiga mswaki. Akaacha. "Bi mkubwa, hiyo si sanda?"

"Ndiyo."

"Sasa unaianika hapo ya nini?"

"Kama chujio langu ni bovu, nitazikwa na madoa. Mzee! Puliza!"

Feni ikaanza kuvuma. Wanawake waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Mzee alipaka behewa zima, ndani na nje, hakuharakisha. Sanda ikawa inapepea kwa ule upepo wa bomba. Mimi nimesimama na mikono nyuma, nimekaza uso, ndani yangu naomba dua zote ninazozijua. Feni ilipozimwa nikaivua sanda, nikampa mwenye nyumba mwenyewe aikague. Akaipeleka kwenye jua. Akaigeuza. Akavaa miwani akaigeuza tena.

"Safi," akasema.

Nikaingia ndani nikachomoa lile chujio nikamletea. Upande mmoja wa sponji ulikuwa umelowa rangi, wote damu ya mzee, mzito. Akaligusa kwa kidole.

"Hii yote ilikuwa inaingia kifuani kwake?"

"Kifuani kwake. Halafu kwenye kanzu yako."

Alikaa nalo mkononi. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, naye analitazama lile sponji. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuiona rangi yake imejikusanya hivyo.

Kisha mwenye nyumba akanirudishia. "Bomba libaki," akasema. "Ila lipande juu kama ulivyosema. Na mateka wangu bado. Nataka kombozi."

"Kombozi gani?" mume wangu akauliza.

"Behewa la mizigo. Limeandikwa ubavuni: la kubebea Wanyamwezi."

Mume wangu akalitengeneza, kwa kazi ile ile ya uangalifu, na maandishi yale yale, herufi ndogo nzuri. Akampelekea, akapewa kichwa cha treni chake. Ilichukua muda mwenye nyumba kugundua kwamba mlango wa behewa unafunguka, na kwamba ndani amelala mtu mdogo wa waya amekumbatia ngoma ya Kizaramo, amevaa kanzu nyeupe yenye vidoa. Tulisikia kicheko chake kutoka chumba cha mbele. Behewa hilo mpaka leo liko dirishani kwake, linatazama barabarani, na wapita njia wanaosoma hucheka.

Ile kanzu haikutakata. Tuliifua kwa kila kitu. Siku moja akaja nayo imekunjwa, akamtupia mume wangu. "Vaa ukipaka rangi. Wewe ndiye uliyechinja." Sasa mzee huivaa, inamfika magotini, na vidoa vyake vimeongezeka. Kikohozi hakijaisha chote, umri nao una sehemu yake, lakini hajakaa tena kitandani ameshika magoti. Yule daktari msichana alimsikiliza kifua mara ya mwisho tulipokwenda, akauliza ameacha rangi? Mzee akamweleza sanduku zima, mpaka watu kwenye foleni wakaanza kuguna.

Chujio naliamini. Nalibadilisha mwenyewe likijaa, na bomba liko juu ya paa, linatoa hewa huko kwa kunguru. Hata hivyo, kanzu ya mtu siifanyii majaribio. Tumeweka utaratibu: hakuna kupuliza mpaka kamba iwe tupu. Mzee anasubiri ndani na kanzu yake ya madoa, kifaa mkononi, treni juu ya sinia. Mimi nipo jikoni na nazi yangu. Na mwenye nyumba, ambaye hatujamwomba, ndiye anayezunguka uani kuanua nguo za wapangaji, nepi na mashuka, anazirundika begani, anawagombeza waliochelewa. Akimaliza anagonga ukuta wetu.

"Mnyamwezi! Nimeanua! Puliza, mchana unaisha!"

Feni inaanza kuvuma. Mimi ninasema alhamdulillahi, naendelea kukuna.